Je, Wajua? Jani Lisilokataliwa

Ukiwahi kufika stendi ya Moshi alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika Mlima Kilimanjaro, utaviona vilele vyake viwili. Kibo, chenye mita 5,895, kimekaa mviringo na theluji yake. Kulia kwake ni Mawenzi, mita 5,149, kilele kilichojaa mapengo kama panga lililogonga jiwe. Watoto wa mlimani huelezwa chanzo cha mapengo hayo. Mawenzi alizimikiwa moto, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Akapewa kaa, akapewa na ndizi kavu zilizotwangwa. Utamu ukamponza: njiani akauzima moto kwa makusudi, akarudi kuomba tena. Mara ya tatu Kibo akaubaini uongo, akashika mchi wa kinu, na kipigo chake ndicho tunachokitazama hadi leo. Simulizi hii inabadilika sura kadiri unavyotoka Siha kwenda Rombo, lakini kosa halibadiliki: kumlaghai jirani anayekupa moto.

Jina nalo linakubaliana na hadithi. Kwa Kichagga, lugha ya wenyeji wa mlima huu, Kimawenze ni kilichomeguka. Kipoo, ambacho sasa tunakiita Kibo, ni chenye madoa.

Nimeanza na mlima kwa makusudi. Wazee wa huku neno la adabu walilifunga kwenye kitu kinachoshikika: jani, fimbo, kata ya pombe, nyundo, mfereji. Anayekijua kitu analijua na neno lake. Siku hizi vingi kati ya vitu hivyo vinauzwa, vinapigwa picha au vimefungiwa kabatini, na kila ninapokiona kimoja najiuliza kama neno lake limekwenda nacho.

Je, wajua kwamba kwa Wachagga kuna jani ambalo aliyekosewa hapaswi kulikataa? Linaitwa isale, yakiwa mengi ni masale. Ukimkosea mtu kosa zito, labda umempiga kaka yako au umemtolea baba mkwe neno chafu, unachuma isale, unamtafuta mtu mzima anayeheshimika pande zote mbili, mnakwenda naye. Hotuba haihitajiki. Jani linatangulia, kosa linatajwa, na mwenye haki yake akilipokea, amesamehe. Akilikataa, kosa linamhamia yeye, na ukoo utamuuliza.

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo. Ndugu wawili wa tumbo moja, hawajasalimiana kwa miaka. Jani liliwekwa juu ya goti la mkubwa. Lilikuwa bichi, refu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, bado lina umande. Alilitazama muda mrefu, akalipitisha katikati ya vidole mara mbili kama mtu anayepima kitambaa dukani, kisha akalikunja na kulitia mfuko wa koti. Hakusema kitu. Mama yao ndiye aliyelia.

Isale hilohilo hupandwa mpakani mwa vihamba, yaani ardhi ya nyumbani, na mahali walipolala wazee. Ndiyo maana kuling'oa usiku ili kusogeza mpaka ni jambo linalomtia mtu hofu hata kama hakuna polisi anayemwona: amegusa msamaha, ardhi na marehemu kwa mkono mmoja.

Na je, wajua kwamba huenda unalo ofisini kwako? Wataalamu wa mimea wanaliita Dracaena fragrans. Ni mmea wa Afrika ambao sasa unauzwa duniani kote kama ua la ndani. Umekaa kwenye vyungu mapokezi ya hoteli na benki, Nairobi, London, popote. Watu wanaumwagilia na kuufuta vumbi kila Jumatatu. Wangapi wamewahi kuomba radhi nao?

Kihamba nilichokitaja si shamba. Mchagga akisema shamba, mara nyingi anasema lile la mahindi kule tambarare. Kihamba ni pale nyumba ilipo, na kimepandwa kama ghorofa. Juu kabisa miti mirefu kama mruka na mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na mboga. Ng'ombe yumo zizini na anakula majani yaliyobebwa kichwani kutoka mbali. Samadi yake inarudi shinani mwa mgomba. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliuingiza mfumo huu kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo wa dunia, kwa kuitambua Shimbwe Juu, Moshi Vijijini.

Kwenye kihamba hichohicho ndiko watu huzikwa. Kwa hiyo anayeuza kihamba anauza na makaburi ya babu zake. Hilo ndilo linalowafanya watu wenye nyumba nzuri Dar es Salaam na Mwanza wapandishe mlima kila Desemba, mabasi yakajaa, na wale wasioweza kuja wakiwa hai wakaletwa kwa gari la msiba.

Lakini tuseme ukweli wote. Kwa desturi, kihamba kiligawiwa wanaume: kaka mkubwa alianzishiwa chake, na mtoto wa mwisho alibaki na nyumba ya wazazi. Wa katikati walijitafutia, na binti alihesabiwa kuwa atapata kwa mumewe. Migomba ilikuwa ya mama kuitunza na kuuza mkungu sokoni, wakati ardhi iliyo chini ya mgomba haikuwa yake. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitoa hukumu katika kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kagera aliyeuza ardhi aliyorithi kwa baba yake. Akasema desturi ya kumzuia mwanamke kuuza haiendani na katiba. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Bado kuna vikao vya ukoo ambako binti akitaja sheria hiyo anaonekana mkorofi. Mimi sioni jinsi mtu anavyoweza kuisifu desturi ya isale kwa moyo wote na kulifumbia macho hili. Ukoo unaojua kusamehe unaweza pia kujifunza kugawa.

Je, wajua kwamba fimbo iliwahi kuwa kitabu? Hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi wa umri wangu hawajawahi hata kuisikia.

Inaitwa mregho. Ni fimbo iliyochanjwa mikato na alama kwa mpangilio, fungu kwa fungu, kutoka juu hadi chini. Vijana walipokuwa wakifundwa, mwalimu aliishika, akaweka kidole kwenye alama, na somo la alama hiyo likaimbwa. Kidole kikashuka, somo likafuata. Humo mlikuwa na jinsi mtoto anavyoumbwa tumboni mwezi baada ya mwezi, jinsi ya kumheshimu mama kwa taabu hiyo, jinsi ya kuishi na mke, na yale ambayo mwanamume hapaswi kuyasema mbele ya watoto. Aliyesahau somo hakuwa na pa kuchungulia isipokuwa kwenye ile mikato, na mikato haisomeki kwa mtu ambaye hakufundwa. Ni maandishi yanayojilinda yenyewe.

Mafunzo ya vijana wa kiume kule msituni, ngasi, yalikoma mwanzoni mwa karne ya 20 kwa shinikizo la misheni na serikali ya kikoloni. Mmoja wa wamisionari, Bruno Gutmann wa misheni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuishi miaka mingi Old Moshi, aliona kinachopotea. Akakaa na wazee, akaandika walichomwambia. Kati ya mwaka 1932 na 1938 akachapisha juzuu tatu nene za mafundisho ya Wachagga, kwa Kijerumani. Mjukuu anayetaka kusoma kikamilifu babu yake alifundishwa nini, inambidi kwanza ajue lugha ya waliomtawala babu huyo. Ninalisema hili bila kumdharau Gutmann; bila yeye tungekuwa na kidogo zaidi. Linaniuma tu.

Afadhali Petro Itosi Marealle. Mwaka 1947 alitoa kitabu chake, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, na akakiandika kwa Kiswahili. Ukikipata kwa mtu, kiazime, na ukirudishe.

Je, wajua kwamba ukienda dukani Dar es Salaam ukasema "Mangi, nipe sukari", unamwita muuza duka mfalme? Mangi ni mtawala wa Kichagga. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria baada ya uhuru, mwaka 1963. Cheo kikabaki nyuma ya kaunta.

Aika ni asante. Ruwa ni Mungu, na ni jua pia. Ukikutana na mtu anayeitwa Aikaruwa, umekutana na shukrani ya wazazi wake inayotembea.

Mzee wa kiume ni meku. Neno hili limeshuka mlimani, hata vijana wasiojua Kichagga wanalitumia mjini. Wengine wanalitumia kwa utani kumwita mzee mwenye koti kubwa la mtumba. Mlimani meku hupishwa njia.

Mama aliyejifungua hupewa mtori: ndizi, hasa mshare, zikapikwa na nyama hadi zikalainika, zikasagwa kwa mwiko. Anayeleta mtori haulizi kama unahitajika.

Kichagga kimoja hakipo. Mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakitaka kuelewana vizuri wanaongea Kiswahili, na hawaoni aibu. Vunjo, Old Moshi, Uru, Kibosho, Siha, kila upande una cha kwake. Kwa hiyo yule anayesema "utamaduni wa Mchagga ni huu" amesema kwa niaba ya vijiji vingi asivyovijua. Na mimi najichunga hapohapo: mengi ninayoyaandika leo ni ya Vunjo na Old Moshi.

Je, wajua mbege inafundisha ukarimu kwa kuchacha? Nifuate jikoni.

Ulezi unalowekwa, unafunikwa mpaka uote, unaanikwa juani, unasagwa. Hicho ndicho kimea. Ndizi mbivu zinamenywa na kuchemshwa kwa saa nyingi kwenye pipa au sufuria kubwa mpaka zigeuke rangi nyekundu ya matofali, kisha zinaachwa siku kadhaa na kuchujwa. Ganda la msesewa, mti ambao wataalamu wanauita Rauvolfia caffra, huchemshwa na kutoa uchungu. Uji wa ulezi ukishapoa unachanganywa na maji ya ndizi, na kesho yake pombe iko tayari. Anayepika huonja kwa ncha ya kidole, halafu hufumba macho kidogo. Msesewa ukizidi, wageni wataacha kata nusu. Ukipungua, wataulizana kama wamealikwa kwenye uji.

Sasa angalia. Mbege haikai. Siku mbili tatu, imekuwa kali, haifai. Huwezi kuificha chini ya kitanda ukanywa mwenyewe mwezi mzima, wala huwezi kuitengeneza kwa glasi moja. Ukishapika umekwisha kuita watu. Naamini ndiyo sababu pombe hii ilitumika kumaliza kesi, kuposa, kutambika na kulipia faini: kwa asili yake inadai kundi. Mwenye nyumba hutangulia kuonja mbele ya wageni, wapate kujua kwamba hakuna kitu kibaya ndani. Kisha kata inazunguka, mkubwa kwanza. Kidogo kilimwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia.

Wanawake wengi wamesomesha watoto kwa mbege. Pia kuna nyumba zilizovunjika kwa pombe, na mlimani kila mtu anaijua moja. Wazee walikuwa na dawa yake: kijana hakukaa kilabuni na baba yake. Kizuizi hicho kimekwenda, na chupa za kiwandani zinazokaa miaka bila kuchacha zimekuja. Zinaweza kunywewa peke yako, gizani.

Je, wajua kwamba maji yalikuwa na zamu kabla ya saa ya mkono kufika? Mfereji wa asili unaitwa mfongo. Ulitolewa kwenye korongo juu msituni, ukatembezwa ubavuni mwa kilima kwa kilomita kadhaa, ukavuka mabonde kwa magogo yaliyochimbwa kama mtumbwi. Mpima ardhi hakuwepo. Aliyeongoza njia alifuata mteremko kwa jicho na kwa maji yenyewe: yakisimama, umekosea, yakikimbia, umekosea zaidi. Mwingereza Harry Johnston alipopita hapa mwaka 1884 aliistaajabia mifereji hii.

Kazi ya mikono hapo ni nusu tu. Nusu nyingine ni makubaliano. Ukoo wa aliyeufungua mfongo ulikuwa na usimamizi wake. Kila nyumba ilikuwa na zamu. Siku ya kuzibua, kila nyumba ilitoa mtu, na asiyefika alilipa, mara nyingi kwa mbege. Aliye juu, ambaye angeweza kufunga maji yote, alijua kwamba kuna siku atamhitaji wa chini kubeba jeneza. Siku hizi mabomba yamefika, baadhi ya mifongo imekauka au imejengewa juu, na kamati za maji zina mihuri na vitabu vya risiti. Mifongo inayopitisha maji hadi leo ni ile ambayo watu wake wanatoka siku ya kuzibua.

Tabia hiyo ya kufanya pamoja ilipanda hadi kwenye kahawa. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa, KNPA, Joseph Merinyo akiwa kiongozi, wakati walowezi wengi hawakutaka Mwafrika alime zao hilo. Mwaka 1933 kikafuata KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake bado liko mjini Moshi. Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi mwaka 1963, na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu. Miaka ya 1950 Wachagga walikuwa hata na gazeti lao, Komkya, maana yake kumekucha.

Je, wajua kwamba nyundo ya mhunzi iliogopwa kuliko mkuki alioufua?

Wahunzi wanaojulikana zaidi mlimani ni wa Mamba, upande wa Marangu. Zamani chuma kilitoka Ugweno, Upare wa Kaskazini, kwa wafua chuma wa ukoo wa Washana. Leo kinatoka kwenye magari. Spring ya lori iliyochoka inakatwa kwa tindo, inatiwa kwenye mkaa, na moto unapulizwa kwa viriba viwili vya ngozi ya mbuzi. Mpulizaji anaketi katikati, mkono wa kulia ukishuka wa kushoto unapanda, hapumziki, na pumzi ya viriba inasikika kabla hujafika kwenye kibanda. Chuma kikiwa chekundu kinashikwa kwa koleo, kinalazwa kwenye fuawe. Nyundo za mwanzo ni nzito na za polepole. Kisha zinakuwa nyepesi, zinaharakisha, na ule ubapa mrefu wa mkuki unaanza kutokea polepole kama jani linalokunjuka. Wamasai wamekuwa wateja wa mikuki hiyo kwa vizazi na vizazi. Watalii nao wananunua, ile mifupi inayoingia kwenye begi.

Neno lililofungwa kwenye nyundo ni hili. Mhunzi aliaminiwa kuwa na uwezo wa kulaani kwa vyombo vyake. Aliyeibiwa, aliyedhulumiwa mirathi, alikwenda kwake, na nyundo ikagongwa kwa jina la mkosaji asiyejulikana. Habari zikienea kwamba fulani amekwenda kwa mhunzi, mara nyingi kitu kilichoibwa kilionekana asubuhi uani. Kwa hiyo mhunzi alikuwa fundi na mahakama kwa pamoja, na yeye mwenyewe alifungwa na mamlaka hayo: mtu mwenye nyundo ya namna hiyo hawezi kuwa mropokaji. Gutmann aliandika juu ya wahunzi hawa mapema, mwaka 1912.

Leo kijana wa kibandani ana simu mfukoni na anapokea malipo kwa mtandao. Sioni ubaya. Nilichofurahia mara ya mwisho ni kwamba alipoombwa na mgeni ampe nyundo ili apigwe picha akiwa ameinyanyua, alitabasamu, akamkabidhi koleo.

Je, wajua kwamba vinyago vingi unavyovikuta madukani Moshi havikuzaliwa Kilimanjaro? Mpingo uliochongwa watu walioshikamana ni kazi ya Wamakonde, kutoka kusini, ng'ambo na ng'ambo ya Ruvuma. Picha za rangi kali zenye tembo na Kibo nyuma yake zinafuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta juu ya ubao mgumu, akafariki mwaka 1972. Ni kazi nzuri na mafundi wake wanastahili kula jasho lao. Lakini mgeni anashuka kutoka kileleni akiamini amenunua kitu cha mlima, na muuzaji hamwambii. Jina la fundi halipo chini ya kinyago. Naona kutaja jina la mtu na la kwao ni adabu ndogo isiyogharimu kitu.

Sheria haikukaa kimya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu nzima inayolinda sanaa za jadi zisitumiwe kibiashara kiholela. Mwaka 2011 Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 unaohusu urithi usioshikika: masimulizi, matambiko, ujuzi wa mafundi. Hivi ndivyo lugha ya mikataba inavyokiita kile kilichokuwa ndani ya mregho.

 

Na mwisho, hili. Wachagga wa zamani hawakumwacha mzee wao ardhini milele. Baada ya muda fuvu lilifukuliwa, likahamishiwa mahali pake katika migomba, karibu na masale, ili awe jirani na watoto wake. Sasa fikiria maana ya kuchukua kichwa cha mtu kwenye mlima huu.

Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pale Tsudunyi, Old Moshi, pamoja na Mangi Molelia wa Kibosho na viongozi wengine wa Kichagga, Kimeru na Kiarusha, jumla yao watu 19. Familia inasema kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Meli, alikitafuta kwa miongo mingi. Machi 2019 sanamu ya Mangi Meli ilizinduliwa hapohapo Tsudunyi, karibu na mti ambao watu huuonyesha kuwa ndiwo alionyongewa.

Septemba 2023 taasisi ya Berlin iliyokuwa ikichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotolewa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaoanisha mafuvu matatu na jamaa walio hai Tanzania. Moja lilikuwa la mshauri wa Mangi Meli, aliyejulikana kwa cheo cha akida. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea mbele ya familia za mashujaa wa vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Kijerumani, akaomba msamaha.

Kwa desturi ya huku, anayeomba msamaha huja na isale mkononi, na kama alichukua kitu, huja nacho. Fuvu la Meli halikuwamo katika yale matatu.